Ngao Moja ya Malango Manne

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, ni zamani ya simu zenye kioo kilichopasuka na chaja ya kushikilia kwa mkono, palikuwa na mchezo uitwao Malango Manne. Mlioucheza mnaujua. Msioucheza nisikilizeni kwa makini, maana kesi hii haihukumiki na mtu asiyejua sheria zake.

Boma lina malango manne. Kila lango lina mlinzi mmoja, na walinzi wanne ndio timu. Kila mtu yuko kwao na simu yake, huyu mji huu, yule mji ule, wanaongea kwa maiki. Kisha fisi wanakuja. Wanakuja kutoka kushoto, wanakuja kutoka kulia, wanakuja kwa kuchimba chini. Mlinzi akiumwa akaanguka, mwenzake anaweza kumwinua, lakini kumwinua kunauma: unampa nusu ya damu yako. Ukibaki na tone moja, hilo haligawanyiki. Ukilitoa, umeanguka wewe.

Mwishoni unaingia ukungu. Ukungu ukishaingia, huoni fisi wa lango lako. Unaona wa lango la mwenzako, na yeye anaona wa lango lako. Kwa hiyo asiyesema anamwua mwenzake, na asiyeambiwa anakufa.

Basi. Katika bweni la chuo kimoja Morogoro aliishi msichana aitwaye Kalunde, mwaka wa pili, anasomea kilimo, mzaliwa wa Tabora. Kwa mkuki hakuwa na mpinzani. Fisi watano angewapanga chini kabla wewe hujageuza simu vizuri. Lakini Kalunde alicheza akijiita Kigoda, na maiki yake ilikuwa imefungwa.

Imefungwa kwa nini? Kwa sababu wiki ya kwanza aliifungua. Alisema maneno matatu tu: fisi kulia, jiandaeni. Wa kwanza akacheka. Wa pili akamwambia arudi akakoroge uji. Wa tatu akasema mambo ambayo mimi siyarudii hapa, na nyie wanaume mliokaa huko nyuma mnayajua, maana mmeshayasikia sana na mkaendelea kucheza kana kwamba mmesikia mvua.

Tangu siku hiyo Kalunde akawa bubu wa hiari. Akicheza mwanzo, timu inamshangilia Kigoda. Ukungu ukiingia, anawaona fisi wa mwenzake, anabonyeza alama, anabonyeza tena, na mwenzake ameshaliwa. Timu inamfukuza. Akaenda timu nyingine, ikamfukuza. Akaenda nyingine, ikamfukuza. Timu kumi na moja kwa muhula mmoja. Alipoingia ya kumi na mbili alijiambia hii ndiyo ya mwisho. Nikishindwa kusema na hapa, naufuta huu mchezo, na nisisikie mtu akiutaja. Na alikuwa anaupenda kuliko asali ya kwao.

Timu ya kumi na mbili ilikuwa na watu watatu. Kapteni alikuwa Gaudensi, mwanafunzi wa uhandisi Dodoma, mtu wa adabu, mtu wa sentensi ndefu. Wa pili ni Pazi, Mzaramo, fundi wa majokofu Kisarawe, mdomo wake haujui mapumziko. Wa tatu ni Wakesho, mwalimu wa chekechea kutoka Voi, Kenya, anayesema neno moja pale wenzake wanaposema ishirini.

Siku ya kwanza, mchezo ukiendelea, Pazi aliuliza kila mtu kwao ni wapi. Kalunde akaandika: Tabora.

"Tabora?" Pazi akasema. "Ala. Kumbe nimekaa na mtumwa wangu muda wote huu na hajanisalimia. Wewe Mnyamwezi, nani kakupa lango? Kazi yako si mizigo? Hebu weka kichwani twende."

Sasa, Kalunde alilelewa na bibi yake, na bibi alimfundisha mapema: Mzaramo ni mtani wako, akikuchokoza unamjibu palepale, hata kama una tonge mdomoni. Mtani hasubirishwi. Mtoto wa watu hakufikiri. Kidole kilikwenda chenyewe, kikafungua maiki.

"Mzaramo, funga domo, na lango lako ufunge pia. Fisi wameshaingia ndani. Wewe umesikia ngoma yenu ya mdundiko inapita, umetupa mkuki umekwenda kukata kiuno."

Fisi wenyewe kama walisimama. Ndipo Kalunde alipogundua alichofanya.

"Mama yangu wee," Pazi akasema taratibu. "Mtumwa wangu ni mwanamke. Basi nimekwisha, huyu hanyamazi tena."

Na kweli hakunyamaza, hata jina lake la kweli akawaambia. Siku hiyo ukungu ulipoingia Kalunde alisema, akasema, akasema, hata sauti ikamkauka, na Pazi akaishi mpaka ngoma ya mwisho, ile inayofunga mchezo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Mchezo wenyewe ulikuwa umewapanga: Kalunde anaona lango la Pazi, Pazi anaona la Kalunde, Wakesho na Gaudensi vivyo hivyo.

Wakaanza kushinda. Na kila walipocheza mambo yalikuwa hivi: Pazi alimtania, Wakesho alimwinua, Gaudensi alimheshimu.

Pazi alimtania vipi? Alimwita mtumwa, alimwita mchukuzi, alimuuliza kama mkuki ule hajauona mzito kuliko gunia. Naye alirudishiwa, tena kwa riba. Siku ambayo Pazi alichelewa, Kalunde alimkosa kama mtu aliyekosa chumvi.

Wakesho alimwinua vipi? Kalunde akianguka, Wakesho yuko hapo. Anatoa nusu ya damu yake, anasema, "Inuka, dadangu." Basi. Hahesabu, hakumbushi, haulizi umeangukaje. Mara nyingine alibaki na damu ya kulamba tu, na bado alirudi: inuka, dadangu.

Na Gaudensi alimheshimu vipi? Hapa ndipo ninapotaka masikio yenu. "Dada Kalunde, kwa heshima zote, lango la mbele tuwaachie wenye uzoefu." Haya. "Dada Kalunde anasema fisi wako kulia, je, kuna mwingine anayeweza kuthibitisha?" Haya. "Usijali kabisa dada, wala hatukutegemea zaidi ya hapo." Haya. Hakuna tusi. Ukiyaandika kwenye barua ya kuomba kazi yanafaa. Lakini kila sentensi moja ilikuwa inamkata Kalunde kipande cha sauti, leo kidogo, kesho kidogo, hadi siku moja alimwona fisi wa Pazi wazi kabisa, akasita akingoja mtu athibitishe, na Pazi akaliwa.

Wakesho akalisikia hilo. Mwalimu wa watoto wadogo husikia sauti inaposinyaa. Akajiuliza: nani anamsinyaza huyu dada? Akasikiliza kwa makini. Akasikia nini? Mtumwa. Mtumwa. Mtumwa wangu. Moto ukamwaka Wakesho. Kwao Voi hakuna Mzaramo wa kumtania, na hakuna aliyemwambia kwamba huko nchi jirani watu wawili wanaweza kuitana hivyo na wakagawana sahani moja.

Basi mchezo ule ulikuwa na Karani. Karani si mtu, ni mashine, kazi yake kusikiliza matusi na kufunga midomo. Wakesho akabonyeza, akashitaki. Karani akapekua rekodi, akalikuta neno mtumwa mara arobaini na tatu. Akamfunga Pazi mdomo siku saba: asiongee, asiandike hata nukta.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Fainali ya msimu ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri.

Jioni ile walipokutana kufanya mazoezi, Wakesho alisema kwa furaha, na kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu: "Nimekusaidia, dadangu. Yule mtu hatakuita mtumwa tena."

Kalunde alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisha akaacha kucheka.

"Wakesho, Pazi ni mtani wangu. Akifa, mimi ndiye nitakayelala mbele ya jeneza nikatae lisitoke mpaka ndugu zake wanipe kitu. Hajanitukana hata siku moja. Yeye ndiye aliyenifungua mdomo."

Wakesho akauliza, "Sasa kama si yeye, ni nani anakuminya sauti?"

Gaudensi alikuwepo, anasikia. Pazi alikuwepo, anasikia, mdomo umefungwa na Karani. Kalunde alihisi ile hali ya zamani, ya kidole kutaka kufunga maiki. Hakuifunga.

"Ni kapteni," akasema.

"Mimi?" Gaudensi akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshangaa kweli. "Dada Kalunde, nitajie neno moja baya nililowahi kukuambia. Moja tu."

"Hakuna. Ndiyo maana Karani hakupati."

Kisha akamtajia zile sentensi, moja baada ya nyingine, kwa sauti yake Gaudensi, na heshima zote zikiwemo. Alikuwa anazijua kwa moyo. Nani asiyejua kwa moyo kitu kinachomkata?

Gaudensi akatoka bila kuaga. Wote wakajua timu imekufa.

Lakini mchezo ule huhifadhi rekodi za michezo yote. Alhamisi nzima Gaudensi hakwenda darasani. Alijisikiliza. Mchezo wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi wa thelathini. Alipofika ule ambao Kalunde alisita na Pazi akaliwa, aliurudia mara nne.

Ijumaa adhuhuri alikwenda kwenye baraza la mchezo, mahali ambapo mamia ya wachezaji hukaa wakingoja fainali, wanapiga soga na kuchambana. Akaomba nafasi. Akazicheza sentensi zake mbele ya watu wote, bila kuruka hata moja. Halafu akabonyeza kitufe cha mashitaka, akajishitaki mwenyewe.

Karani akajibu: hakuna kosa lililopatikana.

Akajishitaki tena. Hakuna kosa. Akajishitaki mara ya tatu, watu wanaangua vicheko, wengine wanamwita mnafiki, wengine wanamwita mwanamume aliyekaliwa na mwanamke. Mashine ikamjibu kwa adabu ileile aliyoizoea yeye mwenyewe: mpendwa mchezaji, mwenendo wako ni wa kupigiwa mfano.

"Basi nitajihukumu mwenyewe," Gaudensi akasema. Akauvua ukapteni, na alama zote za ukapteni za msimu mzima, zile zilizomweka wa tatu katika orodha ya makapteni wote, zikafutika hapo hapo. Akaandika mahali pake: kapteni, Kalunde. Jina lake, si Kigoda.

Jumamosi ikafika. Saa tisa. Watazamaji mia mbili na zaidi barazani. Kalunde alikuwa amekaa kitandani bwenini, miguu kwenye ndoo ya maji, jua linawaka dirishani, na mwenzake wa chumbani anamshikia chaja.

Fisi wakaja. Wakawapiga. Wakaja tena, wakawapiga. Kisha ukungu ukaingia, na hapo shida ikaonekana na kila mtu: Kalunde anaona fisi wa Pazi na anaweza kumwambia. Pazi anaona fisi wa Kalunde na mdomo umefungwa.

"Pazi, kulia kwako," Kalunde akaita. Pazi akachoma kulia. "Pazi, chini." Pazi akachoma chini. Lakini nani atamwambia Kalunde? Akaumwa kutoka kushoto. Akaumwa kutoka kulia. Akaanguka. Inuka, dadangu. Akasimama.

Ndipo alipoona kitu. Kwa kuwa yeye aliliona lango la Pazi, alimwona na Pazi mwenyewe. Na Pazi alikuwa ametupa mkuki. Walinzi wa mchezo ule wanaweza kucheza ngoma, kitufe kipo, watu hukitumia kujisifu wakishinda. Pazi alikuwa anacheza mdundiko katikati ya vita. Kiuno kushoto.

Kalunde alikaa sekunde nzima bila kuelewa. Kisha akachoma kushoto. Fisi akalia.

Kiuno kulia, akachoma kulia. Pazi akachuchumaa, Kalunde akachoma ardhini, fisi akatoka mavumbini amekufa. Karani hana sheria ya kufunga kiuno. Baraza zima likalipuka, watu wanapiga makofi ya mdundiko huku wanacheka hadi machozi, na Kalunde anacheka huku anapigana, anapaza sauti: "Mzaramo, nilisema mimi, nilisema utalitupa lango ukacheze!"

Lakini aliyetupa mkuki anaumwa. Pazi aliumwa, akaanguka, Wakesho akamwinua, akarudi kucheza. Kalunde akaanguka tena, Wakesho akamwinua. Inuka, dadangu. Hilo lilikuwa tone lake la mwisho. Wakesho akaanguka langoni kwake, na hakukuwa na wa kumwinua.

Muda mchache kabla ya ngoma ya mwisho, Kalunde akaanguka mara ya tatu.

Sasa angalieni. Amebaki fisi mmoja, anachimba chini ya lango la Kalunde, na asipouawa kabla ya ngoma boma limeingiliwa. Pazi ana tone moja, lakini akiacha kucheza, Kalunde akisimama atasimama kipofu. Gaudensi ana tone moja. Akibaki nalo hadi ngoma, timu imeshindwa, lakini jina lake linaandikwa miongoni mwa walinzi waliosimama hadi mwisho wa fainali, na heshima yake yote ya msimu inarudi. Hakusema dada mpendwa. Hakusema kwa heshima zote. Alisema, "Chukua." Akaanguka.

Kalunde akasimama. Pazi akachuchumaa. Kalunde akachoma ardhini kwa nguvu zote mbili, zake na za aliyempa. Ngoma ikalia.

Bweni zima lilisikia yowe lake. Waliokuwa wanafua nje walidhani nyoka ameingia.

Haya. Timu ikishinda fainali, kapteni wake hupewa Ngao ya Uungwana, si akae nayo, bali ampe mwenzake mmoja aliyeufanya mchezo uchezeke. Mmoja. Haikatwi, haizungushwi. Na si pambo: mwenye Ngao hukaa na Karani msimu mzima unaofuata, na neno lake linapita neno la mashine katika kuamua nani kafungwa mdomo na nani kaachiwa. Kwa hiyo anayepewa leo ndiye atakayemsikiliza msichana mwingine yeyote atakayefungua maiki kesho akasema fisi kulia.

Muziki wa ushindi ukaanza. Ukiisha kabla hujachagua, Ngao inapotea.

Baraza likataka kila mmoja aseme.

Wakesho akasema, "Mimi si mtu wa maneno. Nilikuwa nikikuona chini, nakuinua. Sikuuliza wewe ni mwanamume au mwanamke, nilianza ukiitwa Kigoda. Nilikosea kwa Pazi, na nimemwomba radhi. Lakini hata nilipokosea, ni mimi peke yangu niliyesikia sauti yako ikipungua. Hawa wengine walikuwa wapi?"

Watu wakasema, ni yeye.

Pazi hana mdomo. Akacheza. Akabeba mzigo wa hewa kichwani, akautua, akanyoosha kidole kwa Kalunde, akafungua na kufunga kiganja mbele ya mdomo wake kama mdomo wa bata. Kalunde ilibidi atafsiri: "Anasema yeye ndiye aliyenipa domo. Anasema hawa wawili walikuta limeshafunguliwa. Na anasema kafungwa bila kosa, kaumwa bila kulipwa, na bado kanichezea. Kuhusu kiuno chenyewe, mimi nasema kilikuwa kizito." Pazi akaanguka chini kwa kuigiza kufa.

Watu wakasema, ni yeye. Mmoja tu akauliza, na swali lilikuwa zuri: angemwita mtumwa msichana asiye mtani wake, je?

Gaudensi akasema, "Mimi siidai. Ila mmeniuliza, nitajibu. Wakesho ni mwema tangu zamani, Pazi ni mcheshi tangu zamani. Hakuna kati yao aliyegharimika kitu kwa kuwa alivyo. Mimi nilikuwa ile sumu isiyo na harufu. Naijua inavyotengenezwa. Kesho akija mwenye adabu kama zangu, Karani atamsifu, Wakesho atamshitaki asiyehusika, Pazi atacheka. Nani atamtambua?"

Baraza likachafuka. Mmoja akapiga kelele kwamba haiwezekani, asiyewahi kuumiza mtu akose, aliyeumiza akaacha apewe zawadi, basi wote tuanze kuumiza. Mwingine akamjibu kwamba ukiwapa ngao wema peke yao, wabaya watabaki wabaya kwa kukosa sababu. Wakabishana, wakabishana, na hakuna aliyemwambia mwenzake akakoroge uji.

Kalunde akatoa miguu kwenye ndoo. Mwenzake wa chumbani bado ameshika chaja. Watu mia mbili wasiomjua wanangoja, maiki iko wazi, na kidole kiko juu ya majina matatu. Muhula ule ule msichana huyu alishindwa kusema fisi kulia. Sasa akakohoa kidogo, akasema kwa sauti yake yote, "Nyamazeni kwanza, kapteni anaongea."

Wakanyamaza.

Na muziki umebaki kidogo sana. Msiniambie wote, Ngao ni moja. Msiniambie Kalunde ajipe mwenyewe, sheria haimruhusu. Aliyemfungua mdomo, aliyemwinua bila kuhesabu, au aliyemkata kisha akajikata: wewe uliyekaa hapo ungemsikia akitaja jina gani? Je, nani alistahili?